Kiputo Ndani ya Jicho la Pimamaji

Kufikia siku ya tano, Pimamaji aliijua sakafu ya sebule ya dada yake kuliko fundi aliyeitandika. Aliijua kwa chuki. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro lililowekwa kwenye mabenchi mawili mafupi, uso wake umetumbukia katika boya la watoto la kuogelea lenye picha za bata, mikono yake inaning'inia mpaka chini, na vidole vyake havina kazi nyingine ila kupapasa vigae.

"Hiki kimeinuka unene wa ukucha," alisema. "Na hiki hapa kina uwazi chini yake, ukikigonga kinalia kama debe. Aliyefanya kazi hii alikuwa na macho kweli?"

"Alikuwa nayo mawili," Mwalimu, mchumba wake, alimjibu kutoka jikoni. "Wewe una moja na nusu, kwa hiyo nyamaza."

"Unanitukana kwa sababu unajua siwezi kukuangalia."

"Nakutukana kwa sababu umeanza kuinua kidevu. Nimekiona. Shusha."

Alishusha.

Mtaa mzima ulimwita Pimamaji. Alikuwa fundi vigae, na kile kifaa cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa kinachoelea ndani ya kioo, hakikutoka mkononi mwake. Watu walisema hata maneno yake ameyapima hivyo hivyo: ama yamenyooka, ama hayasemi. Jina likamkaa, naye akalipenda. Ni mtu wa kujivuna kidogo, mwenye damu ya moto, lakini sakafu zake ungeweza kumwaga maji ya gilasi nzima juu yake yasijue pa kukimbilia.

Sasa kiputo kilikuwa ndani yake. Jicho lake la kushoto, lile zima, lilianza kwa vimulimuli, likafuata pazia jeusi lililopanda kutoka pembeni. Yeye alisema ni vumbi la mashine ya kukatia vigae. Mwalimu ndiye aliyesimama mbele yake, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akauliza, "Naonyesha vidole vingapi?" Alipojibu, "Vidole viko wapi?" Mwalimu hakubishana naye tena. Alimkamata mkono kama anavyowakamata watoto wa chekechea wakati wa kuvuka barabara, na hakumwachia mpaka mbele ya mlango wa daktari.

Daktari alikuwa mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi. Aliwaambia kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, umebanduka. Baada ya upasuaji alimuuliza mgonjwa wake, "Wewe ukishabandika kigae ukutani, unafanya nini?"

"Nakishikilia mpaka gundi ishike."

"Basi. Nimeibandika retina yako, na nimejaza jicho gesi. Hiyo gesi ndiyo mkono wangu unaoishikilia. Lakini gesi hupanda juu siku zote. Sasa niambie, retina iko nyuma ya jicho. Unataka nyuma iwe juu. Utakaaje?"

Pimamaji alifikiri. "Uso chini."

"Siku saba. Unakula uso chini, unalala uso chini, unaoga uso chini. Kila saa nakupa dakika kumi za kunyoosha viungo, na hata hizo uzitumie ukitazama vidole vya miguu. Ukiinua uso, mkono wangu umeondoka ukutani. Kigae kikianguka, nitajaribu tena, lakini sikuahidi kitu."

Wala hakuwa na jicho la akiba. La kulia lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Kilicho karibu kiasi cha shubiri mbili alikiona vizuri, lakini zaidi ya hapo, hata kwa miwani, dunia ilikuwa ukungu wenye rangi. Miwani yenyewe ilimdondoka siku ya kwanza tu alipoinama, Mwalimu akaifungia kabatini.

Kwa hiyo kwa siku tano hakuwa amemwona Mwalimu uso. Alimwona kama madoa mawili ya kahawia yanayokwenda na kurudi juu ya vigae, yakisimama, yakinyanyuka visigino kufikia rafu, yakisogea karibu wakati wa dawa ya matone. Alikuwa amempenda kwa uso, kwa kicheko, kwa namna anavyokunja kipaji cha uso akifikiri. Sasa alijifunza kumpenda kwa nyayo. Alijua akiwa amechoka, kwa sababu mguu wa kushoto ulianza kuburuta. Alijua akiwa na hasira, kwa sababu zote mbili zilisimama sambamba.

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Dada yake Pimamaji, ambaye alifanya kazi kiwanda cha mikate, aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Mwalimu alifika kila siku dada mtu akiwa anafunga viatu, wakapokezana mgonjwa kama watu wanaopokezana mtoto.

"Wifi, huyo hapo," dada alisema asubuhi ile. "Usiku kucha ameniuliza kama lile povu la jichoni bado lipo. Mwambie povu halina miguu."

"Siitwi wifi bado," Mwalimu alisema.

"Mimi nimeshakuita. Mwenye kazi ya kuita jina lingine aite."

Boya lile lilitoka shuleni. Mito yote waliyojaribu ilimziba pua, ndipo Mwalimu akakumbuka maboya ya watoto, akalipuliza moja nusu, akalizungushia kitambaa cha pamba. Yeye ndiye aliyempimia matone, aliyemlisha uji kwa mrija, aliyemsomea magazeti ya wiki iliyopita mpaka matangazo ya vifo. Mgongo wa Pimamaji ulipokaza kama ubao, alimkanda kwa vifundo vya vidole huku akimhesabia moja mpaka mia kwa sauti ya darasani.

Na kwa siku tano, Pimamaji hakuwa amesema asante. Si kwamba hakuwa nayo. Ilimjaa kifuani asubuhi na jioni. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kumaliza kazi na kuondoka bila kubaki na deni la wema kwa mtu, na neno lenyewe lilionekana dogo mno, kama kujaribu kuziba ufa wa ukuta kwa kipande cha karatasi.

"Mwalimu," alisema.

"Nipo."

"Baba yako anajua uko hapa?"

Nyayo zikasimama. Sambamba.

"Mama anajua."

"Sikuuliza mama."

"Basi umejibiwa swali lako."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na walikizunguka kila siku bila kukigusa.

Baba yake Mwalimu alikuwa mwashi. Alikuwa amestaafu, lakini robo ya nyumba za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na ile anayoishi aliijenga peke yake, tofali kwa tofali. Ni katika nyumba hiyo Pimamaji aliitwa kutandika vigae vya sebuleni, akamkuta binti, akatumia siku tisa kwa kazi ya siku nne. Miezi minane baadaye alirudi na dada yake na baba yake mdogo kupeleka posa. Walikaa katika sebule ile ile. Yote yalikwenda vizuri mpaka mgeni mmoja alipotazama chini akasema, kwa utani tu, kwamba mstari wa mwisho wa vigae karibu na ukuta umekatwa kama kabari, upande mmoja mpana, upande mwingine mwembamba.

"Ujana huo," mwashi alicheka. "Mkono haujakomaa."

Mtu mwingine angecheka naye, akaoa. Pimamaji alisimama. Akatoa mfukoni uzi wa kupigia mstari, maana alikwenda na uzi hata kwenye posa yake mwenyewe, akaunyoosha mbele ya ukuta, akiufuata mstari wa vigae, wageni wote wakitazama.

"Sakafu yangu imenyooka, Mzee. Ukuta wako ndio umepinda. Vidole viwili."

Posa iliishia hapo. Mwashi alisimama, akafungua mlango, akasema maneno machache tu: aliyekuja kuutukana ukuta wake hatamwoa binti yake. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita.

Siku hiyo ya tano, hodi ilibishwa mlangoni saa tisa alasiri.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo wa vumbi la saruji la miaka mingi. Mwalimu aliangusha kijiko.

"Ni Baba," alinong'ona.

Pimamaji alishtuka, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la adabu. Hawezi kumpokea mtu mzima wa umri ule akiwa amelala, makalio juu, uso ndani ya bata. "Nishushe," alimwambia Mwalimu. "Nishushe haraka. Nikae chini."

"Tulia, utaumia."

"Nishushe, nimesema!"

Alimshusha. Pimamaji alipiga magoti juu ya mkeka, akaweka viganja sakafuni, akakiacha kichwa kining'inie kama alivyoagizwa. Mwalimu akajifuta mikono, akafungua mlango.

"Shikamoo, Baba. Karibu."

Mwashi hakuitikia. Pimamaji alisikia viatu vizito vikivuka kizingiti, hatua moja, ya pili, kisha vikasimama.

"Shikamoo, Mzee," Pimamaji aliiambia sakafu.

Mwashi akavuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ile iliyobisha hodi. Ilikuwa imelainika.

"Marahaba. Marahaba, kijana wangu." Akakohoa. "Nilikuja hapa na maneno yangu mengine kabisa. Nimeambiwa binti yangu anashinda nyumba hii, nikasema leo nitamchukua kwa sikio. Sikujua kama nitakukuta hivi. Wewe! Mtu ambaye siku ile ulinikazia macho kama nimekuibia. Leo umenipigia magoti, huthubutu hata kunitazama." Akakohoa tena. "Basi. Mtu akishajishusha kiasi hiki, mimi ni nani nisisamehe? Inuka. Inuka tuongee kama watu."

Mwalimu alifunga mlango kimya, akaja akasimama nyuma ya Pimamaji. Kiganja chake kilitua begani kwake, kikabana. Kilibana kwa nguvu, mara mbili. Pimamaji alielewa kila kitu kilichokuwa katika kubana kule. Nyamaza. Kubali. Tafadhali, kwa ajili yangu, mara moja tu katika maisha yako, nyamaza.

Alitaka kunyamaza. Mungu shahidi, alitaka. Mke alikuwa amewekwa mbele yake kwenye sinia. Alichotakiwa ni kufunga mdomo.

"Mzee," alisema, "nikinyamaza nitakuwa mwongo."

"Usianze," Mwalimu alisema.

"Sijapiga magoti kwa ajili ya ule ukuta. Nimepasuliwa jicho. Nimewekewa gesi ndani, na daktari amesema nisiinue uso siku saba; leo ya tano. Ningeruhusiwa kuinuka ningekupokea nimesimama, kwa heshima yote, ningekupa kiti kizuri kuliko vyote humu. Lakini ukuta ungebaki umepinda."

"Ee Mungu wangu," Mwalimu alisema, akakaa kwenye kiti.

Mwashi aliongea polepole, kama mtu anayejizuia asivunje kitu cha watu.

"Nyumba ingemwangukia huyu, angekuwa chini ya kifusi akikosoa matofali. Haya. Mrudishe kitandani kwake, maana mgonjwa ni mgonjwa. Kisha chukua mkoba wako. Twende nyumbani."

"Baba, dada yake anarudi jioni. Hakuna mtu wa kumtilia dawa ya saa kumi."

"Nimesema twende."

Walimrudisha kwenye godoro, Mwalimu upande mmoja na, bila kutegemea, mwashi upande wa pili, mkono mgumu kama jembe chini ya kwapa. Uso ukarudi katika boya. Kisha Pimamaji akaanza kusikia: zipu ya mkoba, kandambili zikivutwa kutoka chini ya kiti, matone yakiwekwa mezani karibu na ukingo, pale ambapo mtu asiyeona angeweza kuyapapasa.

"Chupa yenye kizibo cheupe ni ya saa kumi," Mwalimu alisema. "Yenye mpira juu ni ya jioni. Usizichanganye."

"Unaondoka?"

"Baba amesema."

Madoa mawili ya kahawia yakageuka. Yakaanza kwenda mlangoni. Na hapo kitu kikamkaba Pimamaji, kitu ambacho si cha akili. Aliona kwamba mtu huyu anatoka, na huenda hatarudi, na kwa siku tano hajamwona uso, na picha ya mwisho atakayobaki nayo ni ya visigino. Misuli ya shingo ikajikaza yenyewe. Paji la uso likatoka kwenye kitambaa.

"Usiinue!"

Mkoba ulianguka. Mwalimu alirudi mbio, lakini hakumkandamiza kichwa. Alijitupa chini. Alilala chali juu ya vile vigae vibovu, nguo yake nzuri na yote, akajisukuma kwa visigino mpaka kichwa chake kikaingia chini ya benchi, chini ya boya, na uso wake ukatokea katikati ya duara la bata, shubiri moja na nusu kutoka kwenye uso wa Pimamaji.

"Haya," alisema, akihema. "Niangalie. Niangalie huku huku chini."

Pimamaji alishusha paji la uso, akamwangalia.

Jicho lile dhaifu la kulia, ambalo halikuwahi kumfaa kwa lolote, kwa umbali ule liliona kila kitu. Liliona weusi chini ya macho yake, wa siku tano za kulala saa chache. Liliona mdomo wa chini uliopasuka kidogo kwa kuung'ata. Liliona machozi yake yanatiririka kwa pembeni kuelekea masikioni, jinsi yanavyokwenda ya mtu aliyelala chali.

"Umekonda," Pimamaji alisema.

"Na wewe umevimba kama andazi."

"Asante."

"Ya kukuita andazi?"

"Usiniulize ya nini. Nikianza kutaja nitalia."

"Kulia ruhusa. Kuinua kichwa ndiyo marufuku."

Basi akataja. Alitaja vidole alivyoshindwa kuviona na mkono uliomburuta mpaka kwa daktari. Alitaja uji, mrija, matangazo ya vifo, moja mpaka mia. Alisema hajawahi kumwambia mtu neno hili kwa moyo wake wote, maana alidhani anayeshukuru anajipunguza, na sasa amelala hapa kama mzigo na bado hajahisi amepungua. Alisema kila alichotendewa humu ndani alikiona, hata kama alikiona kwa nyayo tu. Chozi lake likadondoka moja kwa moja, likampata Mwalimu kwenye shavu, na Mwalimu hakulifuta.

"Kwa nini hukunyamaza?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Nilikubana bega. Ulinielewa."

"Nilikuelewa."

"Sasa?"

"Ningekupata kwa uongo. Kila siku ningekaa mezani na baba yako nikijua amenipa mtoto wake kwa kitu ambacho sikufanya. Ungependa mume wa namna hiyo?"

Mwalimu alimtazama. Alikunja kipaji cha uso, ule mkunjo aliokuwa ameukosa siku tano.

"Siku moja nitakuua," alisema. "Lakini si wa namna hiyo, hapana. Nikiondoka, utashika? Siku mbili zimebaki."

"Nitashika."

"Hata nisipokuwepo kukukemea?"

"Hasa usipokuwepo. Kwa sababu siku nitakayoinua huu uso, sitaki kuona ukungu unaosema kwa sauti yako. Nataka kukuona toka upande wa pili wa barabara."

Walisikia koo likisafishwa. Mwashi alikuwa amewageuzia mgongo, anatazama nje ya dirisha kwa bidii kubwa, ingawa nje ya dirisha lile palikuwa na ukuta wa jirani tu.

"Binti," alisema bila kugeuka.

"Nakuja, Baba. Nainuka."

"Kachemshe chai."

Mwalimu alitoka chini ya benchi, vumbi mgongoni. "Si ulisema twende?"

"Nimesema chai. Hunisikii? Chai."

Alikwenda. Mlango wa jikoni ulifungwa, maji yakafunguliwa. Kisha Pimamaji akasikia jambo ambalo hakulielewa mwanzoni: magoti yakilia, moja baada ya jingine, kishindo kizito, mguno, na kitambaa kikikwaruza sakafu. Uso ukaanza kuingia katika duara la boya kidogo kidogo. Kwanza nywele nyeupe, kisha kipaji chenye mikunjo, kisha macho mawili makavu, makali, yaliyogeuzwa juu chini.

"Ndiyo hapa?" mwashi aliuliza. "Unaniona?"

"Nakuona, Mzee."

"Hawa bata wa nini?"

"Ni wa shule, Mzee."

"Hm." Alipanga pumzi. "Mimi nilikuwa nimeshakusamehe, wewe. Kwa mdomo wangu. Kwa nini ulikataa?"

"Ulikuwa umemsamehe mtu mwingine, Mzee. Anayefanana na mimi kwa kisogo."

Kona ya mdomo wa mwashi ilicheza, lakini hakuiruhusu ifike mbali. Alitazama pembeni, kisha akarudisha macho.

"Ule ukuta niliujenga wiki aliyozaliwa huyu anayechemsha chai. Mama yake alikuwa hospitali, hali mbaya, hawajui kama watatoka wawili au mmoja. Nikafukuzwa wodini. Ningefanya nini? Nilirudi nikaanza kupanga matofali. Sikuvuta uzi. Sikupima kitu. Nilipanga tu, mikono isije ikakaa bure nikawehuka. Nilijua umepinda kabla haujakauka. Mke wangu alipotoka hospitali aliuona pia. Hakusema. Alisukuma kabati la vyombo, akaliweka pale, na mpaka leo hajasema. Vigae vilipokwisha, akalirudisha; siku ya posa ndiyo lilisogezwa tena, ili viti vyenu vipate nafasi."

Pimamaji alihisi uso unampata moto, na haikuwa kwa sababu ya kuinama.

"Ulipovuta ule uzi," mwashi alisema, "ilikuwa kama umenivua nguo mbele ya wageni."

"Mzee, sikujua."

"Ungejuaje?"

"Hata kama sikujua, siku ile haikuwa siku ya uzi. Nilikuja kuomba mtoto, nikapima nyumba. Kosa ni langu, na nilikuwa nalijua tangu nilipotoka mlangoni, ila kiburi kikanifunga mdomo. Naomba radhi, Mzee. Kwa uzi. Kwa kukuaibisha nyumbani kwako mbele ya watu. Naomba radhi kwa moyo wote."

"Kwa kipimo je?"

"Kwa kipimo siwezi."

Mwashi alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, kikamtikisa tumbo, kikamfanya agonge kichwa kwenye mguu wa benchi. "Siwezi, anasema! Uso ndani ya bata, jicho limejaa hewa, na bado hawezi! Haya, nimekusamehe uzi. Sikiliza, vilikuwa vidole viwili kweli, au kimoja na nusu?"

"Viwili, Mzee."

"Vya kwako au vyangu? Vyangu ni vinene."

"Vyangu."

"Basi vyangu ni kimoja na nusu."

"Hapo umenipata, Mzee."

Walikaa hivyo, mmoja anatazama chini, mwingine anatazama juu. Maji yalianza kuimba jikoni. Pimamaji alimtazama yule mzee aliyelala chali juu ya sakafu ya watu kwa sababu tu mtu mwingine hawezi kuinua kichwa, na lile neno lililomkwama siku tano likaja lenyewe, jepesi kabisa.

"Asante, Mzee. Kwa kushuka."

"Kushuka si kazi," mwashi alisema. Alijaribu kuinua bega, akaguna. Alijaribu la pili. "Kazi ni kupanda. Mgongo umekataa."

"Nikusaidie?"

"Ukithubutu kuinua hicho kichwa nitakupiga papo hapo ulipo! Hiyo gesi imewekwa kwa kazi. Mimi nitalala hapa, sina haraka. Hebu niambie, hiki kigae kilicho chini ya mgongo wangu mbona kimeinuka?"

"Si mimi niliyetandika, Mzee! Naapa!"

"Nilijua. Nilisema moyoni, huyu kijana ana kasoro zake, lakini hii si kazi yake."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mwalimu aliingia na sinia, akaona benchi, akaona kisogo cha mchumba wake, akaona miguu ya baba yake imetokeza chini, viatu vimeelekea dari. Vikombe vikagongana.

"Baba! Umeanguka? Umeumia wapi? Ngoja, nishike mkono, taratibu..."

"Niache," sauti ya mwashi ilitoka chini ya bata. "Weka chai mezani, na uniache hapa hapa. Bado naongea na mkwe wangu."